Treni Ilikuwa Inasimama kwa Ajili ya Muchanga

Kule Banalia, wakati mimi bado kijana wa ndevu za kuhesabu, shangazi yangu Bernadeta alikuwa anauza karanga kwenye kivuko cha mto Aruwimi. Malori yalikuwa yanangoja bac, ile pantoni ya kuvusha, bac ilikuwa inangoja mutu wa bac, na mutu wa bac alikuwa anangoja amalize kula. Donc watu walikuwa na wakati mwingi wa kutafuna karanga. Siku moja lori lilifika na harusi nzima ndani yake: bibi harusi, kabati, kitanda, na nguruwe mumoja amefungwa miguu. Bac ilipofika katikati ya mto, nguruwe akakata kamba akaruka majini. Wanaume wote walikuwa wameshika kabati isianguke. Bibi harusi akasahau aibu yote ya bibi harusi, akalia: “Acheni kabati! Mukamate nguruwe!”

Hadi leo sijui kama walimukamata. Shangazi alinipiga kofi la kisogo kabla sijaona mwisho. Karanga zilikuwa zinaungua.

Shangazi alikuwa anazikaanga ndani ya muchanga, kama mama zenu wanavyofanya bado hapa sokoni Mangobo. Muchanga unapata moto kwanza, kisha karanga zinaingia, na mukono haupumziki. Alikuwa anasema: “Karanga haiivi na moto, inaiva na mukono.” Mimi niliuchukia ule mukono. Nilitaka kuona mambo ya bac. Nilitaka kwenda mbali, na mbali kwetu ilikuwa Kisangani, na mbali kabisa ilikuwa ng’ambo ya mto, rive gauche, kule reli inaanza.

Bon, nikaenda. Kule Lubunga walikuwa wanatafuta watu wa kazi ya reli. Nilisimama mbele ya meza ya bwana mumoja wa miwani.

“Unajua kusoma?”

“Kidogo.”

“Kuandika?”

“Kidogo kuliko kusoma.”

“Sasa unajua nini?”

Nikasema kile nilichojua. “Kukaanga karanga.”

Wote walicheka. Hata wale waliokuwa nyuma yangu kwenye mustari, ambao hawakujua hata kukaanga yai, walicheka. Mutu mumoja tu hakucheka. Alikuwa mufupi, amevaa kofia nyeupe ya Waislamu, amekaa pembeni na miguu yake imejaa vumbi la kijivu. Akauliza: “Unakaanga kavu ao na muchanga?”

“Na muchanga, papa.”

“Munipe huyu.”

Njo namna nilivyomujua papa Saidi. Baba yake alitoka Maniema, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kisangani, na kazi yake ilikuwa kukausha muchanga kwenye gare ya Lisoko, kituo cha treni. Tangu siku ile jina langu la Anselme lilikufa. Watu wote wa reli waliniita Karanga, na wajukuu wangu hapa Mangobo wananiita papa Karanga, bila kujua inatoka wapi. Sasa mutajua.

Vijana, munajua pikipiki, munajua baiskeli ya toleka inayobeba watu, lakini hamujui treni inavyotembea. Munafikiri chuma kikipata nguvu kinaenda. Hapana. Gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na chuma juu ya chuma kinateleza. Kwenye tambarare haina neno. Kwenye kilima, asubuhi, umande umelala juu ya reli, magurudumu yanazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta mukia wake. Wakati wa mbinzo ni mubaya zaidi. Wale viwavi wa kula wanashuka mitini, wanavuka reli kwa makundi, treni inawakanyaga, na mafuta yao yanateleza kuliko sabuni. Nimeona wasafiri wanashuka kwenye treni iliyokwama, wanaokota mbinzo wazima, wanaingia tena wanafurahi, na mashinisti anayeiendesha analia peke yake mbele.

Dawa yake ni muchanga. Mashini inayovuta treni iko na sanduku, na sanduku iko na bomba ndogo inayoshuka hadi mbele ya gurudumu. Mashinisti anakanyaga, muchanga unamwagika juu ya reli, gurudumu linapata kitu cha kuuma, treni inapanda. Lakini muchanga lazima uwe mukavu kabisa. Ukiwa na maji kidogo tu, unalala ndani ya bomba na hautoki.

Lisoko iko chini ya kilima. Upande mumoja pori linaenda hadi Ubundu, upande mwingine kilima, na nyuma ya kilima Lubunga na mto na mji. Treni ya asubuhi ikitoka porini ilikuwa lazima isimame Lisoko kula muchanga, ndipo ipande. Hakukuwa na gare pale mwanzo. Kulikuwa na lundo la muchanga, nusu ya fût, lile pipa la chuma, moto, na baba yake papa Saidi. Basi. Sasa treni ikisimama kula muchanga, mama mumoja wa mashamba ya jirani akaona: hii kitu imesimama, na mimi niko na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, na soko iko kule. Akapanda. Kesho yake akaleta dada yake. Halafu wakaja wenye ndizi za makemba, wenye makaa, walimu, wafundi wa nguo, wanafunzi wenye viatu mukononi. Wakubwa wa reli walipokuja kuangalia, walikuta watu wengi kuliko muchanga. Wakajenga ukuta, wakaweka mabati, benchi, kengele, na shefu wa gare mwenye kofia. Watu wakahamia karibu. Mutu aliweza kulala Lisoko na kufanya kazi mujini, avuke mto na pirogi asubuhi, arudi jioni na treni ya magaribi akiwa na samaki wa chumvi, makayabu, chini ya kwapa.

Donc ile gare yote, na nyumba zote zile, zilizaliwa na muchanga. Papa Saidi hakusahau hata siku moja. Shefu wa gare akipiga kengele kwa majivuno, papa Saidi alikuwa ananiambia chini chini: “Mwache apige. Treni haisikii kengele. Treni iko na njaa.”

Ngoja niwafundishe kazi, hata kama hakuna mutu atawaomba kuifanya. Muchanga wa njiani haufai, uko na udongo. Mimi juma langu la kwanza nilileta wa njiani kwa sababu ulikuwa karibu. Niliukaanga vizuri, ukakauka, nikaumwaga ndani ya sanduku ya mashini na kichwa juu. Treni ikafika katikati ya kilima, mashinisti akakanyaga, kukatoka vidonge. Vidonge kama mavi ya mbuzi! Mashinisti wakati ule alikuwa muzee mumoja wa masikio makubwa. Alirudi jioni akasema: “Saidi, mwana yako amefunga mashini tumbo.” Papa Saidi hakunigombeza. Alinipa ndoo akanionyesha njia ya mto, na ni mbali.

Muchanga wa mto, donc. Unauchekecha kupitia kipande cha chandarua. Unaukaanga kidogo kidogo, usijaze fût kama mulafi. Na usiamini macho. Muchanga unaoonekana mukavu juu unaficha maji chini, kama mutu anayecheka kwenye matanga. Papa Saidi alikuwa anatumia pua. Kwanza muchanga unanuka mvua. Halafu unanuka samaki. Halafu unanuka chuma cha fût. Halafu hauna harufu yoyote, na pale njo umeiva. Ukishika ngumi, unakukimbia kati ya vidole, hauwezi kuushika hata ukitaka. Unaufunika haraka kwenye fût nyingine yenye kifuniko, juu ya mawe, mbali na udongo.

Kama haukufunika, kuku wanakuja kuoga. Kuku si neno. Neno ni paka. Muchanga wa moto moto, laini, mukavu, asubuhi ya baridi: paka wote wa Lisoko waliamini serikali imewajengea choo. Mashinisti akikanyaga, harufu inapanda hadi kwenye viti vya mbele. Walimu walikuwa wanafunga madirisha wanaangaliana.

Sasa nifike kwenye mashini mupya.

Ililetwa kutoka mbali, rangi yake ya machungwa, sauti yake nzito mupaka mabati ya gare yanatetemeka. Mashinisti wake alikuwa kijana, Gaston, mutu wa kucheka, mwenye leso nyekundu shingoni. Siku ya kwanza alisimama, akashuka, akamusalimia papa Saidi kwa mikono miwili, akasema: “Papa, pumzika sasa. Hii iko na nguvu. Inapanda bila muchanga.”

“Hata na umande?”

“Hata na mafuriko!”

“Na mbinzo?”

“Tutawakaanga na magurudumu, papa.”

Watu walicheka. Papa Saidi hakucheka. Aliangalia wale mama waliokuwa wanapandisha vikapu, na mimi niliona anahesabu kitu kisichokuwa muchanga. Mashini isiyo na njaa itasimama kwa nini? Shefu wa gare akasema itasimama kwa sababu gare ni gare. Papa Saidi akasema: “Tutaona.”

Tuliona upesi. Wiki ile ile mashini ilianza kupita. Gaston alikuwa anapiga honi, anapunga leso, na watu wanabaki na vikapu kichwani. Alikuwa na agizo, tuliambiwa: treni ifike Lubunga mapema, na Lisoko inachelewesha. Mwalimu mumoja alianza kutembea kwa miguu kupitia kilima akaacha baada ya siku chache, akahama. Sombe ililala ikageuka rangi. Bila treni kusimama, Lisoko ilikuwa pori lenye benchi.

Kulikuwa na mama mumoja, mama Zaina, mukubwa wa wauza sombe. Sauti yake ilikuwa inavuka mto bila pirogi. Alikuja kwenye moto wetu na wenzake nyuma yake.

“Papa Saidi, ile mashini inateleza na nini?”

“Umande. Majani. Mbinzo.”

“Majani ya aina gani?”

Papa Saidi aliangalia moto. “Yoyote, mama. Yakitwangwa, ni mubaya zaidi.”

“Karanga,” mama Zaina akaniambia, “weye haukusikia kitu.”

“Mimi niko nakoroga tu, mama.”

Kesho yake alfajiri ikipasuka, wale mama walishuka na vinu vyao. Walitwanga sombe yote iliyokuwa imelala, wakaipaka juu ya reli, upande huu na upande huu, kwa mikono, kama mutu anayepaka mutoto mafuta. Mama Zaina alikuwa anatembea nyuma yao: “Musiache nafasi! Leo reli inakula sombe!”

Lakini walifanya kosa. Mimi na papa Saidi tulikuwa tumeenda mutoni, hatukuwepo kuwaambia. Walipaka pale kilima kinaanza, wakafikiri treni itateleza na kusimama mbele yao, wapande. Treni yenye mbio haisimami pale unapoipaka. Mashini ikaja, honi, leso, ikapita gare kama kawaida, ikaingia kwenye sombe, ikaendelea kupanda kwa mbio zake, mbio zikapungua, zikapungua, na mwisho ikakwama kule juu karibu na kona, magurudumu yanazunguka, moshi mweupe. Na wale mama wote chini, na vikapu vyao.

“Mukimbie!” mama Zaina akalia. Wakaanza kupanda kilima wanakimbia, makemba yanaanguka, mumoja amepoteza kitambaa, mwingine anacheka mupaka anakaa chini kati ya reli. Gaston naye alikuwa anashuka kwa miguu. Walipishana katikati.

“Bamama, reli iko na nini?”

“Umande, papa!” wakajibu pamoja.

Gaston alichota na kidole, akanusa. “Umande gani iko na kitunguu?”

Mumoja wao, kwa haraka, alikuwa ametwanga sombe aliyokwisha kuunga kwa chakula cha mume wake.

Gaston alifika kwetu jasho linatiririka. Sisi tulikuwa tumerudi, tumekaa karibu na fût kama watu wasiojua kitu, na kusema kweli mimi nilikuwa nauma mudomo nisicheke.

“Papa Saidi, nisaidie ndoo ya muchanga. Sanduku yangu iko tupu, kule depo waliacha kuweka.”

“Muchanga iko.”

“Bon. Karanga alete.”

“Hapana.”

“Namna gani hapana?”

“Hapa mashini njo inakuja kwa muchanga. Muchanga haiendi kwa mashini. Ni desturi ya gare hii tangu baba yangu.”

Desturi ile ilikuwa na umri wa pumzi moja. Aliitunga pale pale, na uso wake haukutikisika. Gaston alimuangalia, akaangalia benchi, akaangalia wale mama waliokuwa wanateremka tena nyuma yake na vikapu, wamechoka, kila mumoja anamuangalia yeye. Nafikiri pale alielewa. Yeye pia alikuwa na mama yake.

“Papa,” akasema, “wakubwa watanigombeza.”

“Uwaambie mashini ilikuwa na njaa.”

Akarudi kilimani, akaachilia breki pole pole, na ile mashini kubwa ya rangi ya machungwa ikashuka kinyumenyume hadi mbele ya benchi, kama ng’ombe anayerudishwa zizini. Mimi na papa Saidi tulijaza sanduku. Hatukufanya haraka. Sijawahi kumwaga muchanga pole pole namna ile. Mama Zaina alipanda wa mwisho, akasimama mulangoni, akasema: “Tunaweza kwenda sasa, Gaston. Endesha vizuri, tumevaa.”

Kutoka siku ile ilisimama kila asubuhi kula muchanga, ihitaji ao isihitaji. Gaston aliwaambia wakubwa kile kilima cha Lisoko ni kibaya sana. Miaka mingi, vijana. Watoto walizaliwa, wakasoma ng’ambo ya mto, wakaoa, kwa sababu ya ndoo ile iliyokataa kupanda kilima.

Siwezi kuwaambia ni siku gani treni iliacha kuja. Haikuacha siku moja. Ilianza kuja siku moja ndani ya mbili, halafu siku za soko, halafu wakati mafuta yapo, halafu wakati mutu amesema itakuja. Gaston alipelekwa kwingine. Shefu wa gare aliondoka na kofia yake. Mabati yalitoka moja moja, mukipita kwenye nyumba zile za karibu mutayaona. Mama Zaina alinunua baiskeli, yeye na umri wake, akawa anaisukuma na sombe kilimani, anatukana kila jiwe. Kati ya reli watoto wakacheza mupira. Juu ya traverse, zile mbao zinazobeba reli, watu wakaanika muhogo.

Papa Saidi aliendelea kukaanga. Kila asubuhi: mutoni, chandarua, moto, pua. Alikuwa anatoa muchanga wa jana, kwa sababu hewa ya kwetu iko na maji, muchanga unalala mukavu unaamuka na jasho, na anaukaanga tena. Watu walipita wakamuuliza: “Papa, unapika nini?” Alisema: “Chakula.” Mimi nilikuwa nimepata kazi ndogo ya kuchoma makaa, lakini kila asubuhi nilipita kwake, nikakoroga. Nilimuambia: “Papa, haiji.” Akasema: “Ikija ikutane na muchanga mubichi, itapita. Ikipita mara moja, imezoea.” Hofu yake yote ilikuwa pale. Hakuogopa treni isije. Aliogopa ije, ikute hatuko tayari, na isisimame.

Na mimi nikuambieni kitu: ninakumbuka zaidi ile harufu isiyokuwa harufu. Niko hapa Mangobo, mutaa wote unanuka: samaki, mafuta ya moto, mutaro. Kuna asubuhi naamuka, na pua yangu inatafuta mahali pasipo na kitu.

Niwaambie kwanza mwisho wa habari, ndipo niwaambie asubuhi yenyewe, kwa sababu nikifanya kinyume sitaweza kumaliza. Tulimutafuta papa Saidi. Kijiji cha kwanza kwenye reli walimupa maji ya kunywa, walimukumbuka vizuri. Kijiji cha pili mutoto mumoja alimuona, mwingine akasema si yeye. Baada ya hapo, hakuna. Treni ilikuja, ndiyo, wakati mwingine kabisa, mvua zimebadilika. Niliisimamisha kwa mikono, nikamuuliza mashinisti kama amekutana na muzee wa kofia nyeupe na gunia begani. Akasema hapana, papa, pole. Watoto wa papa Saidi walifanya matanga bila mwili. Mimi sikukaa matangani. Nilikuwa na muchanga motoni.

Asubuhi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na umande mwingi. Kijana wa kuuza mafuta ya ngazi, yale ya mawese, alitoka upande wa pori, anasukuma baiskeli na bidoni zake, akasimama kupumua.

“Papa Saidi, treni yako inakuja.”

“Usicheze na muzee,” nikamuambia.

“Sichezi! Nimeisikia nyuma yangu, kule kwenye kilima cha mianzi. Magurudumu yanazunguka, inalia, haiendi.”

“Umekunywa.”

“Nimekunywa nini asubuhi hii, tonton? Mafuta ya ngazi?”

Papa Saidi alikuwa amesimama tayari. Alishika ngumi ya muchanga, ukamukimbia kati ya vidole. Akafungua gunia, tukalijaza wawili. Nilimuambia nitaenda mimi, miguu yangu ni mizuri zaidi, yeye abaki.

“Hapana,” akasema. “Weye bakia. Ikipanda kabla sijarudi, ikute mutu hapa. Isiseme hapakuwa na mutu.”

Nikamuinulia gunia begani. Akavuta kofia yake mbele kidogo. Akaanza kutembea juu ya traverse, hatua fupi, kana kwamba zilipangwa kwa miguu yake. Karibu na shule ya zamani mama mumoja kijana alikuwa anaanika muhogo kati ya reli. Papa Saidi akasimama mbele yake.

“Toa muhogo, mama. Treni inakuja.”

Yule mama aliniangalia mimi kwa mbali, anatafuta kama acheke ao atii. Mimi sikufanya kitu. Akainama, akatoa muhogo wake, kipande kwa kipande, akauweka pembeni kwenye majani. Papa Saidi akamungoja amalize. Akamushukuru, akapita, akaingia kwenye kona ya upande wa pori.